Hadithi ya Mbwa Niliyosimulia Jikoni

Kazi yangu ni kutazama macho. Nina duka la dawa za mifugo mjini Kitale, lakini siku nyingi hutanikuta dukani. Niko Endebess kwa mkulima fulani, nimemshika ng'ombe wake taya, nimemgeuza kichwa kuelekea mwanga. Ukifunua kope la chini utaona kama damu imepungua. Ukitazama jicho lilivyozama utajua kama mwili umekaukiwa maji. Mwenye ng'ombe ataniambia mnyama ameanza kuugua jana, nami nikitazama jicho najua ni wiki nzima, na huwa namwambia hivyo hivyo mbele ya majirani zake, kwa sababu nina mdomo. Hilo la mdomo nitalirudia.

Nayasema haya mapema ili ionekane aibu yangu ilivyo kubwa. Kuna mtu mmoja ambaye sikuwahi kumtazama machoni tangu niolewe, naye ni baba mkwe wangu.

Heshima ndiyo iliyonizuia. Nimeolewa Tongaren, kwa watu wanaoshika mambo yao. Mke wa mwana hampi baba mkwe mkono. Haketi naye chumba kimoja, hali naye, na kama kuna njia ya kupitia nyuma hapiti mbele yake. Akimsalimu husimama mlangoni ameinamisha macho, na mzee naye hugeuza uso na kuitikia akitazama ukuta. Mwanzoni nilitaka kucheka. Mimi nimelelewa Kitale, katika vyumba vya kupanga, ambako hata ukikohoa jirani anakuuliza umekula nini. Baadaye nikazoea, kisha nikapenda. Wazee wa kanisa walimwambia mume wangu kwamba amepata mke mwenye adabu, ingawa amesoma, na sifa hiyo niliivaa kama kitambaa kipya cha kichwa.

Hata hivyo watu wa nyumba moja ni lazima wazungumze, na sisi tulikuwa na namna yetu. Ukuta kati ya sebule ya mzee na jikoni haufiki kwenye mabati. Linalosemwa huku husikika kule. Akitaka kuniuliza jambo, humuuliza mwanawe kwa sauti ya juu: "Ati kule Kitale mvua imenyesha?" Nami huku jikoni humwambia mke wa shemeji yangu, tukiwa tunamenya viazi, tena kwa sauti ya juu vile vile, kwamba mvua imenyesha lakini bado si ya kupandia. Basi, mzee amejibiwa. Kasoro ya mazungumzo hayo ni moja tu: hakuna anayeweza kumwambia mwenzake, ngoja kwanza, hapo sijaelewa.

Pasaka moja nilisimulia habari ya mbwa. Mama mmoja anayeuza mitumba karibu na Kipsongo alikuwa ameniletea mbwa wake wa kulinda nyumba, amemfunga leso mdomoni asing'ate. Macho ya yule mbwa yalikuwa yameingia ukungu wa buluu, na alikuwa akijigonga kwenye kaunta yangu. Ulikuwa ugonjwa wa kupe. Vijidudu viko ndani ya damu, na kutoka kwenye damu viliwasha macho kwa ndani. Nilimpa vidonge vya kumeza, doxycycline, na siku aliporudishwa aliniona tangu mlangoni akataka kunirarua.

Jikoni niliigiza yote, hata jina la dawa nikalitaja. Niliigiza mbwa anavyojigonga, nikaigiza mama wa mitumba anavyolia, nikaigiza mwenyewe ninavyokimbilia nyuma ya magunia ya chumvi ya ng'ombe. Wanawake walicheka hadi mmoja akaketi sakafuni. "Yaani dawa unaiweka mdomoni, inatokea machoni!" nikasema. "Hakuna kushikana na mnyama, hakuna kufunua jicho. Unaificha ndani ya chakula, anameza, inapanda na damu mpaka kwa jicho." Sebuleni kulikuwa kimya. Nilijua wanaume wananisikiliza, na kwa sababu nilijua, nikapaza sauti zaidi. Nilikuwa naringa. Sina neno jingine la kuliita.

Nusu ya pili sikuisimulia, maana haichekeshi. Ningeisimulia, ningesema kwamba jicho limejilinda. Mishipa midogo ya damu inayolilisha imebana sana kuta zake, na dawa nyingi zinazosafiri katika damu hufika pale zikakuta mlango umefungwa. Chache hupenya, zile zinazoyeyuka katika mafuta, na dawa ya yule mbwa ni mojawapo. Tena jicho likiwa limewaka kwa ugonjwa, mlango hulegea, dawa ikaingia kwa wingi kuliko siku za kawaida; uvimbe ukianza kutulia, mlango hurudi kufungika hata kama ugonjwa bado umo. Kile kioo cha mbele cha jicho ndicho kigumu zaidi, kwa kuwa hakina mshipa wa damu hata mmoja. Kidonda kikiwa pale juu, ni afadhali kukipaka dawa papo hapo.

Na hayo ni ya mbwa, ambaye tumbo lake ni moja na la kawaida. Ng'ombe ana lile tumbo kubwa la kucheulia, limejaa vijidudu vyake mwenyewe, na hivyo ndivyo vinavyomsagia majani. Ukimlisha dawa ya kuua vijidudu, inawaua kwanza hao wafanyakazi wake. Ng'ombe anaacha kula, anaharisha, na dawa inayobaki ya kufika kwenye jicho ni kidogo mno. Yote haya nayajua vizuri. Nayaeleza dukani kila wiki kwa wakulima wanaotaka njia ya mkato. Jikoni kwa baba mkwe wangu nilisimulia njia ya mkato peke yake.

Mahindi yakavunwa. Krismasi tukaenda nyumbani kama kawaida. Nilisimama mlangoni nikamsalimu mzee, macho chini, na niliona viatu vyake na fimbo yake. Alikuwa ameshusha kofia, ameugeuza uso kabisa. Nikasema moyoni, huyu mzee ana heshima kuzidi sisi sote. Baadaye tukiwa jikoni tulisikia kikombe kikianguka sebuleni. Alikuwa amekiweka kando ya stuli badala ya juu yake. Wanaume wakacheka, wakamwambia uzee umefika, na mimi nikampa mtoto mmoja kitambaa akafute, maana mimi si mtu wa kuingia.

Jua la Januari lilipowaka na nzi wakazidi, mke wa shemeji alinipigia simu. Huyo ndiye anayeishi boma moja na mzee tangu mama mkwe afariki. Humpikia, humwekea chakula mezani akiwa hayupo, kisha hutoka, kwani naye ni mke wa mwana kama mimi. Mumewe anaendesha lori na hapatikani kwa urahisi.

"Daktari, kuja uone hii ng'ombe," akasema. "Macho imeharibika, na sasa hata chakula imekataa. Mzee halali. Ni kama yeye ndiye mgonjwa."

Ng'ombe mwenyewe alikuwa mmoja tu, mwekundu, nusu wa kizungu nusu wa kienyeji, tena ana mimba. Ndiye aliyekuwa maziwa ya mzee, sukari yake na mchango wake wa kanisa. Asubuhi iliyofuata nilifika nikiwa na mkoba wangu. Jicho la kushoto lilikuwa limegeuka jeupe lenye ubuluu, na katikati kulikuwa na kidonda. La kulia lilikuwa linatiririka machozi na nzi wamejipanga ukingoni. Ugonjwa wa macho wa kiangazi, ambao ukiwahiwa si kitu. Lakini kinyesi kilikuwa maji matupu, na nilipoweka ngumi ubavuni kusikiliza tumbo la kucheulia, lilikuwa limelala. Kwenye nguzo ya zizi kulikuwa kumetundikwa kopo la mafuta ya kupikia. Ndani yake kulikuwa na vidonge vya rangi mbili, vile vya watu, na ndizi mbivu iliyopasuliwa katikati.

Hasira ilinipanda. Nina hasira ya karibu na watu wanaonunulia wanyama dawa za watu. "Nani amempa ng'ombe takataka hii?" nikauliza, na sikuuliza kwa sauti ya mkwe.

Mke wa shemeji alikuwa amesimama nje ya zizi, ameshika kiuno, mimba yake imekaribia mwisho. Akatazama upande wa migomba. Mzee alikuwa amesimama huko, ametupa mgongo. Mzee ndiye aliyejibu, kupitia kwake, kama kawaida yetu: "Mwambie daktari ni ile dawa yake."

"Dawa yangu gani?"

"Ile ya mbwa," mzee akasema. "Ya kuweka kwa chakula, inapanda mpaka kwa jicho. Mwambie sikutaka kumsumbua aje mpaka huku kushika ng'ombe na mimi. Si vizuri. Kwa hivyo nikafanya vile alisema."

Nilishikilia nguzo. Maneno yalikuwa yangu, hata mpangilio wake. Mzee alikuwa ameyahifadhi tangu Pasaka, neno kwa neno, na hakuwa ameongeza kitu. Niliona uso wangu ukiwaka hadi masikioni, na nikashukuru kwamba desturi ilikuwa imemkataza kunitazama. Nikafungua mkoba.

Sindano niliimudu peke yangu. Ile ya manjano ambayo wafugaji wote huiita OTC hupigwa kwenye nyama ya shingo, haipiti tumboni, na kutoka kwenye damu hutoka pamoja na machozi ikaliosha jicho kwa nje. Tatizo lilikuwa dawa ya kupaka. Ng'ombe mwenye maumivu ya jicho hakubali kope lifunuliwe. Ni lazima mtu amshike pua kwa vidole, akivute kichwa na kukikunja kando, na mwingine afunue jicho. Hao watu wawili husimama nyuso zao karibu kugusana. Mke wa shemeji hangeweza na mimba ile, ng'ombe angempiga teke. Wanaume wa jirani walikuwa wamekwenda mazishini. Nilisimama na tyubu mkononi, nikijifanya naisoma.

"Baba," nikasema hatimaye, na nadhani, ukiacha salamu, hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimsemesha bila mtu katikati, "nisaidie kumshika."

 Akaja, amejifunika uso nusu kwa ukingo wa kofia, akapita upande wa pili wa kichwa cha ng'ombe. Nikamwonyesha kamba iliyofungwa kichwani, aishike kwanza kabla ya pua. Akanyoosha mkono kuishika na mkono ukafumbata hewa. Akanyoosha tena, akaikosa tena kwa upana wa kiganja. Mara ya tatu ilimbidi ageuze uso wote kunielekea, ili aitafute ile kamba kwa jicho lililobaki, akaipata, akashika na pua.

Hapo ndipo nilipomtazama. Sikukusudia, ni mazoea ya kazi. Jua lilikuwa linamwangukia vizuri. Jicho la kulia lilikuwa jeupe kama la ng'ombe wake, lakini lile la ng'ombe lilikuwa bichi, lina wekundu wa kupigana. Hili lilikuwa limetulia. Kovu zito lilikuwa limefunika kioo chote na mishipa ilikuwa imetambaa juu yake kutoka ukingoni. Angekuwa mnyama, ningemwambia mwenyewe mbele ya majirani zake: hii si ya jana.

"Baba, hilo jicho."

"Ni jani la mahindi," akasema, akitazama chini. "Wakati wa kuvuna. Lilinikata hapa. Si kitu."

"Ulipaka nini?"

"Nilimeza hizo." Akaonyesha lile kopo kwa kidevu. "Hizo zako. Liliuma sana, halafu likaacha kuuma. Ndiyo nikajua ni ya kweli. Ng'ombe alipougua nikampa pia."

Nikauinua mkono wangu. Nilitaka kumfunua kope, kama ninavyofanya kila siku ya Mungu. Mzee akarudi nyuma hatua moja, akiwa bado ameshikilia pua ya ng'ombe, akasema taratibu sana, "Hapana, mama." Mkono wangu ukabaki juu, umeshika tyubu. Nikaushusha kwenye jicho la ng'ombe, nikalipaka. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuweza kuyapangusa, maana vidole vilikuwa na dawa. Yeye alikuwa amegeuza uso tayari.

Nilimpigia mume wangu simu nikiwa nyuma ya zizi. Anafanya kazi ofisini Bungoma na huenda nyumbani kila mwisho wa mwezi. Nilimpigia kelele. Nilimwuliza ana macho ya nini ikiwa ameketi na baba yake sebuleni tangu mavuno na hajaona kitu. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Niliona. Nikamwuliza, akaniambia anatumia dawa ya daktari. Nilidhani ni wewe umempa."

Nilikata simu bila kuaga. Kumbe kila mtu nyumbani alikuwa amelala usingizi mzuri kwa sababu familia ina daktari.

Tulimpeleka Bungoma kwa daktari wa macho. Mzee aliketi mbele kwenye gari la kuazima, mimi nyuma, na njia nzima nilitazama kisogo chake. Daktari alikuwa mwanamke mdogo kwangu kwa umri. Alimwendea mzee bila kujua desturi zetu, akamshika kidevu, akamgeuza uso kuelekea mwanga. Mzee akakubali kama mtoto anayenawishwa. Nilisimama mlangoni nikaona wivu, kisha nikaona haya kwa huo wivu.

Alitueleza kwa upole. Jani la mahindi halikuwa limekata tu, lilikuwa limeacha kuvu ndani ya kile kioo cha jicho. Vidonge vya rangi mbili haviui kuvu. Hata kama dawa ingekuwa ya sawa, pale palihitaji matone ya mara kwa mara tangu siku zile za kwanza. Maumivu yaliisha kwa kuwa jicho lilikuwa limekwisha kazi, si kwa kuwa lilipona. Sasa lingeweza kutofautisha mchana na usiku, basi. La kushoto lilikuwa zima na tulitunze. Kisha akatutazama sisi wawili, mimi na mume wangu, akauliza swali ambalo hata mimi huwauliza wenye ng'ombe, kwa sauti ile ile: "Na nyumbani hakuna mtu aliyeliona?"

Mume wangu akakohoa. Mimi nilikuwa nimefungua mdomo na hakuna kilichotoka, mimi mwenye mdomo.

"Daktari, usiwalaumu," baba mkwe wangu akasema, akitazama ukuta. "Kwetu watu wana heshima."

Alisema ili kunitetea. Alikuwa anajivunia, hata. Mpaka leo nikikumbuka sentensi hiyo nikiwa dukani huwa naenda nyuma ya magunia kupanga vitu vilivyokwisha pangwa.

Ng'ombe alipona. Maziwa yake tuliyamwaga hadi dawa ikaisha mwilini, tumbo likaamka, akazaa ndama jike. Jicho lake la kushoto limebaki na kidoa cheupe kidogo kama punje ya mchele, na anaona. Mzee hulipanguza mwenyewe asubuhi kwa maji ya chumvi kama nilivyomfundisha, nikiwa nimesimama upande wa pili wa zizi, mgongo kwa mgongo.

Pasaka iliyofuata tulikuwa jikoni tena. Nilimenya viazi. Mke wa shemeji alikuwa ananyonyesha, akaniuliza hili na lile la Kitale, nami nikamjibu kwa kunong'ona. Nilikuwa nimeamua kwamba sauti yangu haitavuka tena ule ukuta. Sebuleni kulikuwa kimya, na kimya hicho kikaendelea hadi wanawake wakaanza kutazamana. Ndipo tukasikia fimbo ikigonga sakafu.

"Mbona daktari ananong'ona?" mzee akamwuliza mwanawe, kwa sauti ya juu. "Mwambie aongee. Mimi hadithi zake nazipenda." Akanyamaza kidogo. "Lakini akianza, amalize."

Niliweka kisu chini. Nikaisimulia upya habari ya mbwa wa Kipsongo, nikitazama ule ukuta, nusu ya kwanza na nusu ya pili, mpaka mwisho. Hakuna aliyecheka.